Nafasi tupu katika uchanganuzi wa namba

Nafasi tupu katika uchanganuzi wa namba ni suala la namna maktaba za programu za kompyuta zinavyozishughulikia herufi zisizoonekana, kama vile spesi na mwisho wa mstari, zinapogeuza maandishi kuwa namba. Lugha za programu hazikubaliani juu ya jambo hili. Maandishi yaleyale yanaweza kusomeka kuwa 42 katika lugha moja, kukataliwa katika lugha ya pili, na kusomeka kuwa 4 katika lugha ya tatu.

Tofauti hizo huonekana ndogo, lakini zimewahi kusababisha hesabu zisizo sahihi, programu kusimama ghafla na hata udhaifu wa usalama katika mifumo inayotumika duniani kote.

## Msingi

Mtu akibonyeza vitufe vya 4 na 2, kompyuta haipokei namba arobaini na mbili. Inapokea tungo, yaani mfuatano wa herufi. Katika mpango wa ASCII herufi "4" ina kodi 52 na herufi "2" ina kodi 50. Ili programu iweze kujumlisha au kulinganisha, tungo hilo lazima lichanganuliwe: kila tarakimu isomwe kwa zamu na thamani ikokotolewe. Kazi hiyo hufanywa na maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa misimbo iliyo tayari ambayo waandishi wa programu huitumia bila kuiandika upya.

Maandishi yanayotoka kwa watu au kwenye mafaili mara chache huwa na tarakimu peke yake. Mstari unaosomwa kutoka kwenye faili huishia na alama ya mstari mpya. Safu za jedwali hupangwa kwa spesi. Mtu anayenakili namba kutoka kwenye tovuti huweza kunakili pia spesi iliyo kando yake. Kwa hiyo kila maktaba inapaswa kuwa na jibu kwa swali moja: herufi hizo zipuuzwe, au zihesabiwe kuwa kosa?

## Herufi zinazohesabiwa kuwa nafasi tupu

Katika ASCII kuna herufi sita ambazo kwa kawaida huitwa nafasi tupu:

* tabo (kodi 9)
* mstari mpya (10)
* tabo ya wima (11)
* ukurasa mpya (12)
* kurudi mwanzo wa mstari (13)
* spesi ya kawaida (32)

Hizi ndizo ambazo funksheni `isspace` ya lugha ya C huzitambua katika mpangilio wake wa msingi.

Mpango wa Unicode, unaokusudiwa kubeba maandishi ya lugha zote, una herufi 25 zenye sifa ya nafasi tupu. Miongoni mwao ni spesi isiyokatika (U+00A0), ambayo huzuia maneno mawili yasitenganishwe mwishoni mwa mstari, na spesi nyembamba isiyokatika (U+202F). Kwa macho haziwezi kutofautishwa kwa urahisi na spesi ya kawaida.

Zipo pia herufi zisizoonekana ambazo Unicode haizihesabu kuwa nafasi tupu. Mfano ni spesi isiyo na upana (U+200B) na alama ya mpangilio wa baiti (U+FEFF), ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili. Orodha yenyewe nayo imewahi kubadilika: herufi U+180E ya mwandiko wa Kimongolia ilihesabiwa kuwa nafasi tupu hadi ilipoondolewa katika kundi hilo kwenye toleo la Unicode 6.3 la mwaka 2013. Kwa sababu hiyo, hata maktaba mbili zinazosema "tunapuuza nafasi tupu" zinaweza kutofautiana kuhusu herufi zipi hasa zinapuuzwa.

## Mahali nafasi inapotokea

Maktaba hutofautiana kulingana na mahali nafasi ilipo:

* Mwanzoni, kabla ya tarakimu ya kwanza. Maktaba nyingi huiruka.
* Mwishoni, baada ya tarakimu ya mwisho. Baadhi huiruka, baadhi huikataa, na baadhi huacha kusoma hapo bila kulalamika.
* Katikati ya tarakimu, kama "4 2". Maktaba nyingi za leo huikataa au huishia kwenye tarakimu ya kwanza.
* Baada ya alama ya kujumlisha au kutoa, kama "- 5". Kwa kawaida hukataliwa.
* Tungo lenye nafasi tu, au tungo tupu kabisa. Hapa ndipo majibu yanapotofautiana zaidi: kosa, sifuri, au thamani maalumu ya "si namba".

## Historia

### Fortran na kadi za matundu

Lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, ilitumia kadi za matundu zenye safu 80. Namba haikutambuliwa kwa nafasi zinazoizunguka bali kwa safu ilizokaa. Programu iliweza kuagiza, kwa mfano, kwamba safu tano za kwanza ni namba moja.

Nafasi tupu zilizokuwa mwanzoni mwa safu hizo hazikuwa na maana. Lakini katika Fortran 66 nafasi zilizofuata tarakimu zilisomwa kuwa sifuri. Mtu aliyeandika 12 kwenye safu mbili za kwanza badala ya mbili za mwisho alipata 12000. Kuipanga namba upande wa kulia wa safu zake kulikuwa sehemu ya usahihi wa hesabu, si suala la unadhifu tu.

Fortran 77 ilileta njia ya kuchagua. Maelekezo ya BN yaliagiza nafasi zipuuzwe, na BZ yaliagiza zisomwe kuwa sifuri. Faili lililofunguliwa bila maelekezo yoyote lilichukuliwa kuwa na nafasi za kupuuzwa. Hivyo data za zamani zilizotegemea kanuni ya sifuri ziliweza kutoa majibu tofauti chini ya kanuni mpya.

### Lugha ya C

Lugha ya C, iliyoanza katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichukua njia nyingine. Funksheni zake `atoi`, `strtol` na `strtod` huruka nafasi zote za mwanzoni, husoma tarakimu kadiri zinavyopatikana, na husimama kwenye herufi ya kwanza isiyofaa. Kanuni hii iliingizwa katika kiwango cha C cha mwaka 1989, na lugha nyingi zilizofuata ziliirithi au ziliamua waziwazi kuiacha.

Kanuni ya C haina ulinganifu: nafasi ya mwanzoni inakubaliwa, lakini nafasi ya mwishoni si sehemu ya namba. Kwa mtu anayesoma namba kadhaa zilizopangwa katika mstari mmoja hili linafaa, kwani funksheni inasimama baada ya namba ya kwanza, na mwito unaofuata unairuka nafasi iliyobaki na kusoma namba ya pili. Kwa mtu anayetaka kujua kama tungo zima ni namba halali, kanuni hiyo haitoshi. Anapaswa kukagua mwenyewe kilichobaki.

## Katika lugha mbalimbali

### C na C++

`strtol` hurudisha thamani pamoja na kielekezi kinachoonyesha mahali ilipoishia. Tungo likiwa na nafasi tu, hurudisha 0 na kielekezi hubaki mwanzoni kabisa mwa tungo. Hiyo ndiyo njia ya kutofautisha "hakuna namba" na sifuri halisi. `atoi` haitoi kielekezi, hivyo haiwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Funksheni `scanf` nayo huruka nafasi za mwanzoni inaposoma namba, lakini hairuki inaposoma herufi moja kwa agizo la `%c`. Wanafunzi hukutana na tatizo hili mapema. Programu husoma umri wa mtu kwa `%d`, kisha huuliza "ndiyo au hapana" kwa `%c`, na swali la pili hujijibu lenyewe. Sababu ni kwamba alama ya mstari mpya iliyobaki baada ya namba ndiyo iliyosomwa kuwa jibu. Tatizo hilohilo hutokea katika C++ mtu anapotumia `cin >>` kisha `getline`, na katika Java anapotumia `nextInt` kisha `nextLine`.

C++ ya mwaka 2017 iliongeza `from_chars`, ambayo hairuki nafasi yoyote. Ilikusudiwa kuwa ya haraka na isiyobadilika kulingana na mipangilio ya lugha na nchi iliyowekwa kwenye kompyuta. Maktaba ya double-conversion, inayotumika kwa namba za desimali, imempa mtumiaji uamuzi: ina chaguo tofauti kwa nafasi za mwanzoni, za mwishoni, na zile zinazofuata alama ya kujumlisha au kutoa.

### Java

Java ina kanuni mbili ndani ya maktaba moja. `Integer.parseInt` hukataa nafasi yoyote, lakini `Double.parseDouble` huondoa nafasi za pande zote mbili kabla ya kusoma. Hivyo " 42 " ni kosa kwa namba kamili, ila ni halali kwa namba ya desimali.

Kuondoa nafasi kwenyewe kuna njia mbili. `trim` huondoa herufi zote zenye kodi isiyozidi 32, na `strip`, iliyoongezwa katika Java 11 ya mwaka 2018, hufuata orodha pana zaidi ya nafasi za Unicode. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo mbili inayoondoa spesi isiyokatika ya U+00A0.

### Python

`int` na `float` za Python hupuuza nafasi za mwanzoni na mwishoni, zikiwemo nafasi za Unicode kama U+00A0. Nafasi ya katikati ni kosa, na tungo tupu pia ni kosa. Spesi isiyo na upana haiondolewi, kwa kuwa Unicode haiihesabu kuwa nafasi tupu. Tangu toleo la 3.6 Python hukubali pia mstari wa chini kati ya tarakimu, kama "1_000".

### JavaScript

JavaScript ina njia mbili zinazotumika sana. `Number` husoma tungo zima baada ya kuondoa nafasi za pembeni, na kitu kingine chochote hutoa NaN, yaani "si namba". Lakini tungo tupu, au lenye nafasi tu, hugeuka kuwa 0. Kisanduku ambacho mtumiaji hakukijaza kwenye fomu kinaweza basi kuhifadhiwa kuwa sifuri badala ya "hakuna jibu". `parseInt` hufuata desturi ya C: huruka nafasi za mwanzoni na kusimama inapokwama, hivyo "4 2" huwa 4.

### PHP

Kabla ya toleo la 8.0, PHP iliikubali " 123" kuwa namba lakini iliikataa "123 " yenye nafasi mwishoni. Toleo la 8.0, lililotolewa Novemba 2020, liliondoa tofauti hiyo kwa kukubali nafasi za pande zote mbili. Badiliko hilo liligusa hata ulinganishaji: "123" na "123 " zilikuwa tofauti zikilinganishwa kwa `==`, na sasa ni sawa.

### Go, Rust na C#

Go na Rust hukataa nafasi zote. Mwandishi wa programu anapaswa kuziondoa mwenyewe kwanza, kwa `strings.TrimSpace` au `trim`. Wanaoanza Rust mara nyingi hupata kosa kwa sababu `read_line` huacha alama ya mstari mpya mwishoni mwa tungo.

C# hukubali nafasi za pande zote mbili kwa kawaida, lakini mwandishi anaweza kulizuia hilo kwa kuchagua mtindo mwingine wa kusoma.

### Jedwali la ulinganisho

| Funksheni | " 42" | "42 " | "4 2" | tungo tupu |
|---|---|---|---|---|
| C: `strtol` | 42 | 42, nafasi imebaki | 4 | 0, hakuna kilichosomwa |
| C++: `from_chars` | kosa | 42, nafasi imebaki | 4 | kosa |
| Java: `Integer.parseInt` | kosa | kosa | kosa | kosa |
| Java: `Double.parseDouble` | 42.0 | 42.0 | kosa | kosa |
| Python: `int` | 42 | 42 | kosa | kosa |
| JavaScript: `Number` | 42 | 42 | NaN | 0 |
| JavaScript: `parseInt` | 42 | 42 | 4 | NaN |
| C#: `Int32.Parse` | 42 | 42 | kosa | kosa |
| Go: `strconv.Atoi` | kosa | kosa | kosa | kosa |
| Rust: `parse` | kosa | kosa | kosa | kosa |

## Miundo ya kubadilishana data

Miundo ya data inayobadilishwa kati ya mifumo huwa na kanuni zake, ambazo hazitegemei lugha ya programu. JSON huruhusu nafasi za aina nne tu, yaani spesi, tabo, mstari mpya na kurudi mwanzo wa mstari. Hizo zinaweza kuwa kabla au baada ya namba, lakini si ndani yake. Katika XML Schema, aina za namba huondolewa nafasi za pembeni kabla ya kukaguliwa. Kanuni za HTML za kusoma namba kamili huruka nafasi za mwanzoni na kupuuza kinachofuata tarakimu. Orodha yao ya nafasi ina herufi tano, kwa kuwa tabo ya wima haimo.

Kwa hiyo mtu anayeandika kichanganuzi cha JSON hawezi kutegemea `strtod` peke yake. Funksheni hiyo ingekubali tabo ya wima, ambayo JSON inaikataza.

## Nafasi ndani ya namba

Katika nchi nyingi nafasi hutumika kutenganisha maelfu. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 1948, na tena ule wa mwaka 2003, ulikubali tarakimu zipangwe tatutatu kwa nafasi, bila nukta wala mkato kati ya mafungu. Kifaransa hufuata desturi hiyo, hivyo elfu moja mia tano huandikwa 1 500. Nchini Tanzania na Kenya namba hiyohiyo huandikwa 1,500.

Programu inayoandika namba kwa desturi ya Kifaransa haitumii spesi ya kawaida, kwa sababu namba ingeweza kukatwa mwishoni mwa mstari. CLDR, hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode, ilibadilisha kitenganishi cha Kifaransa kutoka U+00A0 kwenda U+202F katika toleo la 34 la mwaka 2018. Programu zilizotarajia herufi ya zamani zilishindwa kuisoma ile mpya, ingawa kwenye skrini namba ilionekana vilevile.

Tatizo kama hilo huwapata wanaotumia majedwali ya hesabu. Kiasi cha fedha kilichonakiliwa kutoka kwenye tovuti kinaweza kubeba U+00A0, na jedwali likakihesabu kuwa maandishi. Katika Excel, seli za namna hiyo huachwa nje ya jumla ya `SUM` bila onyo lolote. Funksheni ya `TRIM` haisaidii, kwa kuwa huondoa spesi ya kodi 32 tu. Ni lazima herufi ya kodi 160 iondolewe kwa `SUBSTITUTE` pamoja na `CHAR(160)`.

## Athari za usalama

Hatari kubwa hutokea pale sehemu mbili za mfumo zinapoyasoma maandishi yaleyale kwa kanuni tofauti. Ya kwanza huyakagua na kuyapitisha, kisha ya pili huyaelewa vingine.

Mfano unaojulikana ni udhaifu uliopewa namba CVE-2016-10739 katika maktaba ya GNU ya lugha ya C, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Funksheni ya `getaddrinfo` ilikubali anwani ya IPv4 iliyofuatwa na nafasi tupu kisha maandishi yoyote. Tungo kama "127.0.0.1" likifuatwa na spesi na maneno mengine lilihesabiwa kuwa anwani halali. Programu iliyotegemea funksheni hiyo kukagua ingizo ingeweza kuyapeleka mbele maneno hayo ya ziada, yakiwemo mistari ya vichwa vya HTTP. Udhaifu huo ulikuwepo hadi toleo la 2.28.

Mfano wa pili ni urefu wa ujumbe katika HTTP. Thamani ya kichwa cha `Content-Length` inapaswa kuwa tarakimu tu. Nafasi na tabo zinazoizunguka huondolewa kwanza kwa kanuni ya vichwa vyote. Seva inayotumia funksheni ya kawaida ya lugha yake inaweza kukubali zaidi ya hapo: tabo ya wima, alama ya kujumlisha, au mstari wa chini kati ya tarakimu. Ikiwa seva ya mbele na seva ya nyuma hazikubaliani juu ya urefu, hazitakubaliana pia juu ya mahali ombi moja linapoishia na lingine linapoanzia. Mshambuliaji anaweza kulificha ombi lake ndani ya ombi lingine. Shambulio la aina hiyo lilielezwa hadharani mwaka 2005.

## Hoja za pande mbili

Wanaopendelea kupuuza nafasi husema kwamba hazibadilishi thamani ya namba, na kwamba mtumiaji hapaswi kuadhibiwa kwa herufi asiyoiona. Kwao, kukataa "42 " ni ugumu usio na faida.

Wanaopendelea kukataa husema kwamba kuondoa nafasi na kusoma namba ni kazi mbili. Maktaba inayofanya moja tu huwa rahisi kueleweka, huwa ya haraka zaidi, na humwachia mwandishi uamuzi wa herufi zipi ziondolewe. Pia kosa linaloonekana mapema ni nafuu kuliko thamani isiyo sahihi inayogunduliwa baadaye.

Mwelekeo wa lugha mpya kama Go na Rust, pamoja na `from_chars` ya C++, ni kuelekea upande wa pili. PHP imeenda upande mwingine, kwa kuwa data zake nyingi hutoka moja kwa moja kwenye fomu zinazojazwa na watu.

## Desturi zinazopendekezwa

* Kuondoa nafasi za pembeni kwa hatua yake yenyewe, kabla ya kuchanganua, ili kanuni ionekane katika msimbo.
* Kukagua tungo tupu mapema, hasa katika JavaScript, ili lisigeuke kuwa sifuri.
* Kuhakikisha kwamba tungo lote limesomwa, kwa kuangalia kielekezi cha `strtol` au cha `from_chars`.
* Kutotumia `atoi` kwa data zinazotoka nje ya programu.
* Kwa itifaki za mtandao, kukubali tu herufi zinazotajwa na kiwango husika, hata kama maktaba inakubali nyingi zaidi.
* Kujaribu programu kwa maandishi yenye spesi ya kawaida, tabo, mstari mpya, U+00A0 na U+FEFF, mwanzoni na mwishoni.
* Namba inapokataliwa, kuonyesha kodi za herufi zake na si maandishi peke yake, kwa kuwa herufi yenye kosa haionekani kwenye skrini.